Dripu Aliyoifungua Mume Wangu

Kama una mgonjwa wa pepopunda hospitalini sasa hivi, jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni hili: anakusikia. Meno yamebana, uso umekakamaa kama anacheka, macho hayafunguki vizuri, nawe unadhani ameshakwenda mbali. Hajaenda. Ugonjwa huu unashika mwili na kuacha akili. Mimi nilisikia kila kilichosemwa kando ya kitanda changu, hata yale ambayo watu walidhani wananong'ona, na mengine ningetamani nisingeyasikia.

Watu wananiita Mama Salome. Wakati ule nilikuwa na watoto watatu, na yule wa mwisho, Daudi, alikuwa bado ananyonya. Ilikuwa mwaka tuliohamia kijijini. Zamani nyumba zetu zilikuwa mbali mbali, kila mtu na shamba lake, upande wa msitu wa Mgori. Tukaambiwa tusogee tukae pamoja karibu na barabara, tulime pamoja, na shule na zahanati vitatufuata hukohuko. Wengine walihama kwa furaha, wengine kwa manung'uniko. Sisi tulihama kwa haraka, maana mvua zilikuwa karibu na kuta zilikuwa bado miti mitupu.

Wanaume walisimamisha nguzo. Wanawake tulikanyaga udongo wa kukandikia, tukiuchanganya na samadi ya ng'ombe ili ushike. Tulikuwa wengi, tunaimba, udongo unatufika kwenye vifundo vya miguu. Kitu kikanichoma chini ya kidole gumba. Nikainua mguu, nikaona mwiba wa mgunga. Nikauchomoa, nikautupa, nikaendelea kukanyaga. Jioni nilishasahau. Mwiba ni nini kwa mtu wa Singida?

Kama siku nane au tisa zikapita. Asubuhi moja nikachukua kiporo cha ugali nikashindwa kutafuna. Taya zilikuwa nzito, kama za mtu aliyelia usiku kucha. Mama mkwe wangu akasema ni baridi, akanikanda kwa mafuta ya moto. Kesho yake shingo ikakaza. Siku ya tatu Salome alidondosha sufuria mlangoni, na ule mlio ukaingia mgongoni mwangu kama radi. Nikajikunja kwa nyuma mpaka nikawa nimesimamia kisigino na kisogo. Nilitaka kupiga kelele na mdomo haukufunguka.

"Jina lenyewe limeshasema," mama mkwe akasema. "Pepo-punda. Haya si mambo ya sindano."

Mume wangu, Baba Salome, alikaa chini akashika kichwa. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, anayejua ng'ombe kuliko anavyojua watu. Alikaa hivyo nusu siku. Mama yake anamvuta huku, mwalimu wa kijiji anamvuta kule. Ile nusu siku nimeshamsamehe zamani. Mwishowe likaja lori lililoleta mabati ya shule, mwalimu akaongea na dereva, nikapakiwa juu ya magunia matupu. Uso wangu waliufunika kwa kanga mbili ili mwanga usinichokoze. Barabara ile ilikuwa na mashimo, na kila shimo mgongo wangu ulilihesabu. Baba Salome alinikumbatia njia nzima. Nilisikia moyo wake unavyogonga, na hata huo niliuogopa kwa sababu ulikuwa na kishindo.

Hospitali ilikuwa ya misheni. Wakaniweka kwenye chumba cha pembeni, dirisha limezibwa kwa blanketi jeusi, masikioni wakanitia pamba, ingawa bado nilisikia. Mtu yeyote aliyeingia alivua viatu mlangoni. Wakanifungua kidole, wakakisafisha, wakanidunga sindano nisizojua idadi. Wakanipitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, huko ndiko uji wangu ulikopita. Na mkononi wakanifunga dripu.

Hiyo dripu ndiyo sababu ya kuandika haya, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyokuwa naiona. Chupa ya kioo ilining'inia kichwa chini kwenye chuma. Chini yake kulikuwa na kikombe kidogo kinachopitisha mwanga, maji yanadondoka ndani yake tone moja moja. Kisha mpira mrefu, na kwenye mpira huo kigurudumu cha plastiki, kidogo kuliko kifungo cha koti. Ukikisukuma juu maji yanakimbia, ukikisukuma chini yanapungua. Ndani ya maji walitia dawa ya kulegeza misuli.

Mkubwa wa wodi alikuwa mwanamke mnene, mweusi sana, anayeitwa Sista Adelina. Siku ya kwanza nilimsikia akimfundisha msichana aliyepewa kunihudumia.

"Ikienda polepole mno, atajipinda mpaka mifupa ivunjike. Ikienda haraka mno, atasahau kupumua. Umeelewa, Tatu?"

"Nimeelewa, Sista."

"Ngapi?"

"Ishirini kwa dakika."

"Unahesabu kwa kutumia nini?"

"Kwa saa, Sista. Si kwa macho."

Tatu alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Manyoni, Mwislamu, mwembamba, anavaa saa iliyofungwa kifuani kwa pini, imegeuzwa kichwa chini ili yeye aisome. Kila alipoingia alisimama mbele ya kile kikombe, midomo ikicheza bila sauti. Mimi nikawa nahesabu naye. Nilikuwa sina kazi nyingine. Siwezi kuongea, siwezi kugeuka, siwezi kuomba maji, lakini niliweza kuhesabu mpaka ishirini. Akimaliza ananigusa bega kwa kidole kimoja, taratibu, ili nisishtuke, anasema chini kwa chini, "Shikamoo mama. Iko sawa." Hakuna aliyekuwa ananisalimia tena zaidi yake. Wengine walikuwa wananiombea tu.

Maziwa yalinijaa siku tatu za kwanza yakaniuma, kisha yakakauka. Daudi alikuwa nyumbani kwa shangazi yake, anakunywa maziwa ya ng'ombe. Hayo niliyajua kwa kumsikia mume wangu akiwasimulia ndugu wa wagonjwa wengine kule nje, kwenye benchi. Walikuwa wanakaa hapo siku nzima, Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, kila mmoja na mgonjwa wake ndani. Wanasalimiana kwa kunong'ona kwa sababu yangu, nami ninajua salamu zetu zilivyo ndefu. Kuzifupisha kwa ajili ya mtu usiyemjua ni heshima kubwa. Sikupata nafasi ya kuwashukuru.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, Tatu alihesabu, akanigusa bega, akatoka. Mama mmoja wa upande wa wazazi alikuwa anatokwa damu, wakamwita akasaidie. Baba Salome akabaki nami peke yake, amekaa sakafuni bila viatu.

Mtu akaangusha ndoo ya bati ukumbini.

Mgongo ukainuka. Haukushuka. Ulipoanza kulegea ukainuka tena, na tena, kama mawimbi ya uchungu wa kuzaa ambayo hayana mtoto. Ulimi ukanaswa kati ya meno, nikahisi damu inaingia kooni. Baba Salome akakimbilia mlangoni, na hapo ndipo masikini ya Mungu alipokwama. Hakuweza kupiga kelele. Waliomwambia kelele zitaniua ni haohao aliotaka kuwaita. Akanong'ona mlangoni, "Sista! Sista!" kwa sauti ambayo hata kuku asingegeuka. Hakuna aliyekuja.

Akarudi. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amemwona Sista Adelina akisukuma kile kigurudumu kidogo nilipokuwa najipinda, na baada ya muda nikatulia. Alikuwa ameona hilo tu. Hakuona kwamba Sista alisimama pale robo saa nzima ameshika saa, kisha akakirudisha. Macho yangu yalikuwa wazi kama uzi. Nikaona mkono wake unapanda. Nikaona kidole gumba chake, kile chenye kovu la panga, kinakisukuma kigurudumu mpaka juu kabisa.

Nitasema ukweli hata kama haupendezi. Nilifurahi. Ilikuja raha ambayo sikuwa nimeipata tangu siku ya kiporo. Taya zikaachia. Mgongo ukashuka ukagusa godoro. Vidole vya miguu vikafunguka kimoja kimoja. Nikamsikia mume wangu anasema kwa Kinyaturu, "Pumzika, pumzika mke wangu," na nikawaza, sawa, napumzika. Halafu nikaona kwamba sijavuta pumzi, na sikujali.

Kilichofuata nilisimuliwa. Tatu alirudi kuosha mikono, akachungulia, akakuta midomo yangu ya bluu na maji yanamiminika kwenye kikombe bila hata kuonekana tone. Akakifunga kigurudumu, akavuta kitanda kutoka ukutani, akanibana mfuko wa mpira usoni na kuanza kunipumulia kwa mikono yake. Akapiga ukunga, bila kujali tena katazo la kelele. Alinipumulia mpaka daktari akaja, na daktari akaendelea, na wakapokezana mpaka jua linaelekea kuzama, ndipo kifua changu kikaanza kufanya kazi yake chenyewe. Sauti ya kwanza niliyoisikia niliporudi ilikuwa ya Sista Adelina, na haikuwa ya furaha.

"Uliacha ngapi, Tatu?"

"Ishirini, Sista."

"Ishirini? Chupa imebaki robo. Ishirini kwa dakika inamaliza chupa kwa muda gani? Hesabu!"

"Niliacha ishirini, Sista. Wallahi."

"Usiape. Ulikuwa na haraka, ukakisukuma juu badala ya chini."

Tatu akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "Labda, Sista. Sijui tena."

Baba Salome alikuwa amesimama palepale. Nilimjua kwa harufu yake ya moshi na ng'ombe. Nilingoja aseme. Nilihesabu mpaka ishirini, nikarudia. Nikamsikia anaokota viatu vyake mlangoni.

Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kuangalia watoto na kupanda, maana mvua zimeanza. Mama yake akaja kukaa mahali pake. Tatu hakuja tena. Akaja mhudumu mwingine, mtu mzima, anahesabu vizuri lakini hanisalimii.

Wiki ya pili ilipita hivyo. Mvua ilipiga bati la wodi na kila ilipoanza ghafla nilijipinda, ila mara hii kidogo, na dawa wakawa wanaipunguza siku hadi siku. Mama mkwe alikuwa anadhani sisikii lolote, au labda alijua kwamba nasikia, na ndiyo maana alisema. Alikuwa ananipangusa uso kwa kitambaa, vizuri sana, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha kabla.

"Mwanangu ameniambia," akasema mchana mmoja. "Ni yeye aliyegusa kile kitu. Ametapika njia nzima kurudi nyumbani, hali wala halali. Sasa sikiliza. Ukipona, usiseme. Yule binti hana mtoto, hana mume, atapata kazi kwingine. Mumeo watamfunga. Watoto wako watakula nini?"

Akaendelea kunipangusa. Machozi yalinitoka, akayapangusa na hayo.

Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Nilimfikiria mume wangu anavyotapika njiani, nikamwonea huruma. Kisha nikafikiria Tatu aliyesema "sijui tena", na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu aliyehesabu sawasawa alikuwa amefanywa aamini kwamba hajui kuhesabu. Mimi nilihesabu naye siku ile. Zilikuwa ishirini.

Wiki ya tatu mdomo ulifunguka upana wa kidole. Wakanitoa mpira puani, nikala uji kwa kijiko, wa uwele, wenye asali. Nililia kwa utamu. Mhudumu aliyekuwa ananilisha nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kama ya bibi kizee, "Tatu yuko wapi?"

Akashtuka kunisikia. "Yuko chumba cha kufulia, mama. Anafua mashuka. Mwisho wa mwezi ataondoka."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Tukatazamana.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

Ilikuwa salamu yangu ya kwanza kwake tangu niugue. Ikambidi aitikie. "Marahaba."

"Naomba umpelekee mwanao salamu. Umwambie mkewe anaongea. Basi, hayo tu."

Alielewa. Alikaa muda mrefu anavuta pindo la kanga yake. Nilidhani hatapeleka. Lakini alikuwa mama aliyezaa, na nadhani alichoka kumlinda mtoto wake dhidi ya jambo lililokuwa linamla kwa ndani. Alimtuma mtu aliyekuwa anarudi upande wetu.

Siku tatu baadaye Baba Salome akafika kwa miguu na kwa baiskeli ya kuazima, matope mpaka magotini, amekonda kuliko mimi niliyekuwa mgonjwa. Akavua viatu mlangoni ingawa siku hizo ilikuwa si lazima tena. Hakunisogelea.

"Mama Salome. Unaongea."

"Naongea. Na niliona."

Akakaa chini sakafuni.

"Nilitaka upumzike," akasema. "Ulikuwa unakufa mbele yangu, na mimi nimeambiwa nisipige kelele. Niliona kile kidude ndicho kinachokutuliza. Nikasema, kama kidogo kinasaidia, kingi kitaponya."

"Najua. Ningekuwa wewe labda ningefanya hivyohivyo. Lakini Tatu anafua mashuka."

"Watanifunga."

"Sijui. Inawezekana."

"Mama amesema—"

"Najua mama alivyosema, nilikuwepo. Baba Salome, nenda ukaseme wewe. Usipokwenda nitasema mimi, na itakuwa vibaya zaidi, kwako na kwangu."

Hakuondoka mara moja. Alikaa mpaka maji yalipochuruzika kutoka kwenye nguo zake yakawa dimbwi dogo sakafuni. Kisha akasimama, akatoka bila viatu, nikasikia nyayo zake zinakwenda kwenye ofisi ya Sista. Tangu nimjue mume wangu nimemwona akimfukuza fisi kwa fimbo. Sijawahi kumwona na ujasiri kama wa siku ile.

Sauti ya Sista Adelina ilipanda mara moja tu. Baadaye nikawa nasikiliza kama litakuja gari la polisi. Alikuja daktari. Wakaja wote watatu chumbani kwangu, na Baba Salome alikuwa analia waziwazi, jambo ambalo kwetu mwanaume hafanyi.

Daktari hakumkaripia. Alimwuliza maswali tu: ulisimama wapi, ulisukuma kwa mkono gani, uliita mara ngapi, nani alikwambia nini kuhusu hii chupa siku ulipofika.

"Hakuna," Baba Salome akajibu. "Nimeambiwa nivue viatu na ninyamaze."

Daktari akamtazama Sista Adelina. Sista akavua miwani yake akaifuta.

"Ni kweli," akasema. "Tumemkataza kelele, hatukumpa njia nyingine ya kutuita. Tumemwekea mbele ya macho kitu kinachoweza kuua, hatukumwambia. Na mimi nimemhukumu msichana kabla sijauliza." Akageuka akatoka haraka, na kwa dirisha, maana blanketi lilikuwa limeshaondolewa, nikamwona anavuka uwanja wenye matope kwenda kwenye chumba cha kufulia. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe.

Tatu alirudi wodini siku ileile, mikono yake imechubuka kwa sabuni. Ningependa kuwaambia kwamba alinikumbatia. Alikuja, akatandika kitanda changu, akakunja pembe za shuka kama anavyotaka Sista.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nilihesabu na wewe. Zilikuwa ishirini."

Mkono wake ukasimama juu ya shuka. "Ulianza kuongea lini?"

"Siku tatu zilizopita."

Alihesabu moyoni, nikamwona. Siku tatu ambazo angeweza kuwa ameshatoka kwenye yale mapipa ya kufulia. Nilitaka kumweleza kwamba nilitaka mume wangu aseme mwenyewe, ila nikaona nikieleza nitakuwa najitetea. "Nisamehe," nikasema.

"Nikunyanyue mguu?" akauliza. Akaninyanyua mguu, akaweka mto chini yake. Siku ya pili alinisalimia. Kusameheana kwingine huwa kunakuja hivyo, kwa mafungu.

Kabla sijatoka niliona mambo yakibadilika wodini, na haya nayaandika kwa wenye kazi hiyo na kwa wenye wagonjwa. Walianza kubandika plasta ndefu kwenye chupa, imechorwa mistari: maji yafike hapa saa nne, hapa saa sita. Hata asiyejua kuhesabu matone aliweza kuona kama yamekimbia. Dawa zile kali hawakutia tena kwenye chupa kubwa. Walitumia kidogo kidogo, kiasi ambacho hata kikiingia chote kwa bahati mbaya hakitamzuia mtu kupumua. Kigurudumu walikifunga bendeji. Na kila ndugu wa mgonjwa aliyeingia alisimamishwa mbele ya dripu, Tatu akamwonyesha matone, akamwambia hiki usikiguse, na ukiona mgonjwa anabadilika, chukua hii kamba. Walikuwa wamepitisha kamba kutoka kitandani mpaka kwenye meza ya wauguzi, mwisho wake imefungwa kitambaa chekundu. Ukivuta, kitambaa kinaruka. Hakina kelele. Ni Baba Salome aliyewasokotea ile kamba, kwa katani, siku mbili amekaa kwenye benchi anasokota.

Kwa hiyo wewe uliye na mgonjwa, uliza. Uliza hiki ni nini, kinakwenda kwa kasi gani, nimwite nani na kwa njia gani. Wakikuona msumbufu, vumilia. Usiguse usichofundishwa, hata kama mkono wako una upendo. Wa mume wangu ulikuwa na upendo mwingi kuliko mkono wowote nilioufahamu. Na kama umechomwa na mwiba kwenye samadi, usifanye kama mimi. Nenda ukaoshwe, ukachomwe sindano. Watoto wangu wote wamechomwa sindano hiyo.

Nilirudi nyumbani wakati mtama unafika magotini. Nilikuwa nimepungua urefu. Mifupa ya mgongo ilikuwa imebanana kwa kule kujipinda, na gauni langu la kanisani lilikuwa linaburuza. Nilitembea kwa fimbo. Daudi alinitazama kama mgeni, akaenda kujificha nyuma ya shangazi yake, na ilichukua siku sita kabla hajakubali kukaa mapajani mwangu. Kuta za nyumba yetu zilikuwa zimekandikwa. Majirani walizimalizia nikiwa hospitalini, na hawakusubiri kuombwa.

Baba Salome alinihudumia kwa kila kitu, ila nikagundua jambo. Hanigusi. Akinipa kikombe anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Sista Adelina alikuwa ameagiza miguu yangu ikandwe na kunyooshwa kila siku, la sivyo itakaza ibaki hivyo. Kazi hiyo aliifanya mama yake. Yeye akiona tunaanza, anatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nilimwacha. Nikamwacha mpaka mtama ukatoa masuke, mpaka ndege wakaanza kushuka mashambani na kila mwenye nguvu akaenda kuwafukuza. Asubuhi hiyo mama mkwe naye alikwenda. Tukabaki wawili.

"Baba Salome, mguu umekaza."

"Nitamwita mama."

"Mama yuko shambani. Chukua mafuta."

Alichukua mafuta. Alipiga magoti mbele yangu, akayapasha kati ya viganja vyake, akabaki hivyo mikono imeinuka hewani.

"Nikikuumiza je?"

"Nitakwambia," nikasema. "Mdomo si unafunguka sasa?"

Akaanza kwenye kisigino, polepole, akipanda juu. Alipofika nyuma ya goti nikamwambia hapo panauma, akaachia. Nikamwambia endelea, akaendelea.